Hans Meyer na Mlima Kilimanjaro

Watoto wa Kasulu na Kibondo hujua kupanda vilima tangu utoto wao. Buha ni nchi ya juu. Mashamba yapo ubavuni mwa vilima, na maji huchotwa mabondeni. Mtoto hushuka asubuhi na ndoo tupu, kisha hurudi akipanda na mzigo kichwani, wala haoni kuwa ni jambo la ajabu. Lakini iko milima ambayo nguvu za miguu peke yake hazimfikishi mtu kileleni. Mkubwa kuliko yote katika Afrika ni Kilimanjaro, wenye meta 5,895, yaani zaidi ya futi 19,000. Leo tutasoma habari za Hans Meyer, aliyefunga safari mara tatu kwenda kuupanda mlima huo. Tuangalie sana kwa nini alishindwa kwanza, na kwa nini alifaulu baadaye.

Hans Meyer alizaliwa Ujerumani mwaka 1858, katika mji wa Hildburghausen. Jamaa zake walikuwa na kazi kubwa ya kuchapa vitabu, na Hans alipomaliza masomo yake akaingia katika kazi hiyo. Lakini moyo wake ulipenda safari. Alizunguka nchi za Asia na Amerika, kisha akakusudia kuja Afrika ya Mashariki.

Wakati ule habari za Kilimanjaro zilikuwa zimekwisha kufika Ulaya. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima ule umefunikwa na theluji, akaandika habari zake. Wako wataalamu waliokataa kusadiki, kwa kuwa walidhani theluji haiwezi kukaa katika nchi yenye jua kali kama hii. Mwaka 1871 mmisionari mwingine, Charles New, akapanda mpaka akafika penye theluji yenyewe. Wachaga waliokaa chini ya mlima walikuwa wakiiona theluji ile kila siku, wala hawakuhitaji kuambiwa na mtu. Lakini hapakuwa na msafiri yeyote aliyeandika kwamba amefika kileleni.

Mwaka 1887 Meyer akaujaribu mlima kwa mara ya kwanza. Alikuwa na mwenzake mmoja Mjerumani na wapagazi. Walipofika juu sana, yule mwenzake akaishiwa na nguvu, akabaki nyuma. Meyer akaendelea mbele hata akafika chini ya ukuta mrefu wa barafu. Akautazama, akajua ya kuwa hana vifaa vya kuupandia. Naye alikuwa peke yake, na katika barafu mtu aliye peke yake akiteleza hana wa kumshika. Basi akageuka akarudi. Uchungu aliupata, lakini uhai wake aliuokoa.

Mwaka 1888 akarudi pamoja na Oscar Baumann, mtu wa Austria. Safari hii hata mlimani hawakufika. Watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, walikuwa wameinuka kupigana na kampuni ya Wajerumani iliyotaka kuitawala nchi yao. Meyer na Baumann wakakamatwa, wakafungwa minyororo, wasifunguliwe mpaka ilipolipwa fidia ya fedha nyingi. Meyer akarudi kwao mikono mitupu.

Watu wengi wangaliacha hapo. Yeye akakaa akafikiri, akajiuliza ni kitu gani hasa kilichowashinda wote waliomtangulia. Akaona mambo mawili. Kwanza, chakula kiliwaishia juu ya mlima, hata wakalazimika kushuka kabla ya kazi kwisha. Pili, hawakuwa na ustadi wa barafu. Kwa hiyo akamtafuta mtu mwenye ustadi huo, akampata Ludwig Purtscheller, mwalimu wa Austria, aliyekuwa amepanda vilele vingi vya milima ya Alps. Meyer hakuona haya kujifunza kwake.

Mwaka 1889 wakafika Marangu. Mangi Marealle akawapokea vema. Hapo Meyer akayapanga mambo yake kwa akili. Kambi kubwa ilikuwa Marangu; kambi ya pili ikawekwa mwisho wa msitu; kambi ya tatu ikawekwa juu kabisa, kati ya kilele cha Kibo na kilele cha Mawenzi, meta 4,300 hivi. Kila siku chache wapagazi walipanda na chakula na kuni kutoka chini. Hivyo wapandaji waliweza kukaa juu siku nyingi, miili yao ikaizoea baridi na hewa nyepesi ya huko.

Tarehe 3 Oktoba waliondoka kambini usiku wa manane. Asubuhi wakafika penye barafu. Ilikuwa ngumu kama jiwe, na mteremko wake ulikuwa mkali. Purtscheller akatangulia akichonga ngazi kwa shoka, hatua baada ya hatua, na Meyer akamfuata, nao wamefungana kwa kamba. Baada ya saa nyingi wakafika ukingoni, wakaliona shimo kubwa la mlima, kwa maana Kilimanjaro ni mlima wa moto wa zamani. Lakini wakaona pia kwamba ncha iliyo juu kuliko zote iko mbali kidogo, mwendo wa saa moja na nusu. Mchana ulikuwa umekwenda, na nguvu zao zilikuwa zimekwisha.

Hapo lilikuwa jaribu kubwa. Meyer alikuwa ameitamani ncha ile kwa miaka miwili, na sasa aliiona kwa macho yake. Kama wangaliifuata, usiku ungaliwakuta katika barafu. Wakageuka. Wakapumzika, na tarehe 5 wakapanda tena wakalala juu zaidi, katika pango la mawe, ili mwendo wa kesho yake uwe mfupi. Asubuhi ya tarehe 6 Oktoba walizikuta ngazi zao za barafu bado nzima, wakapita upesi, na kabla ya adhuhuri wakasimama juu ya kilele. Siku hiyo Purtscheller alikuwa ametimiza miaka 40.

Meyer alikiita kilele kile kwa jina la mfalme wa Ujerumani. Jina hilo halikudumu. Nchi ilipopata uhuru wake mwaka 1961, mwenge uliwashwa pale juu, na kilele kikaitwa Uhuru.

Tena, tusidhani ya kuwa watu wawili tu ndio walioushinda mlima. Mwini Amani, mpagazi kutoka Pangani, alikaa nao katika kambi ya juu, akavumilia baridi kali asiyoizoea mtu wa pwani. Wazee wa Marangu husimulia habari za kijana wao, Yohani Kinyala Lauwo, aliyewaongoza wageni wale. Mwaka 1989, miaka 100 ilipotimia, Lauwo alipewa heshima, naye akafariki mwaka 1996. Bila wapagazi wale kambi ya juu isingalikuwa na chakula, na bila chakula pasingalikuwa na kilele.

Meyer alisafiri tena mara nyingi. Aliporudi Kilimanjaro mwaka 1898 aliona ya kuwa barafu imepungua. Na tangu mwaka 1912 hata siku zetu zaidi ya sehemu nne katika tano zimetoweka. Mwaka 1911 alifika Burundi, kwa jirani zetu ambao lugha yao inafanana sana na Kiha, na mwaka 1916 akatoa kitabu juu ya Warundi. Alifariki Leipzig mwaka 1929.

Basi ninyi mnaotamani kupanda mlima mrefu siku moja, yashikeni haya. Anzeni na vilima vya kwenu, mkizoeza miguu na mapafu. Juu ya Kilimanjaro hewa ina nusu tu ya nguvu iliyo nayo pwani, na mwili hauizoei kwa siku moja. Kwa hiyo mwenye busara akipita meta 3,000, usiku kwa usiku hapandishi mahali pake pa kulala kwa zaidi ya meta 500. Hunywa maji mengi, huchukua nguo za baridi, na hufuatana na kiongozi aijuaye njia. Kichwa kikiuma sana, akatapika, akapepesuka, au akakosa pumzi hata akiwa amekaa, hasemi ni uvivu, wala hangoji kesho. Hushuka mara moja, kwa kuwa ugonjwa wa mlima huua hata kijana mwenye nguvu. Viongozi wa Kilimanjaro huwaambia wageni neno moja kila siku: polepole. Mwenda pole hajikwai.

Mlima haukimbii. Hans Meyer aliufikia kwa sababu alijua kurudi.

MASWALI
1. Kwa nini Meyer alirudi mwaka 1887?
2. Kambi tatu za mwaka 1889 ziliwekwa wapi, nazo zilileta faida gani?
3. Je, tarehe 3 Oktoba walishindwa au walifanya busara? Eleza.
4. Taja dalili tatu zinazompasa mpandaji kushuka mara moja.