Daktari George Beatson wa Glasgow

Mwaka jana shangazi yangu alitolewa uvimbe wa kansa katika titi. Karatasi ya maabara ilitaja ukubwa wa uvimbe na jinsi seli zilivyoharibika, lakini mahali pa vipokezi vya homoni palikuwa patupu. Ilitubidi kungoja miezi miwili ili kipande kipimwe tena. Katika kungoja huko nikatafuta asili ya kipimo hicho, nikamkuta Daktari Beatson.

Alizaliwa mwaka 1848 katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Alisoma Cambridge, kisha udaktari huko Edinburgh, akafanya kazi chini ya Lister, yule mpasuaji mashuhuri aliyepigana na vijidudu vya vidonda. Katika ujana wake alikaa shambani akimtunza mgonjwa mmoja. Kazi ilikuwa chache, basi akaanza kuchunguza jinsi maziwa yanavyofanyika. Akapata habari kwamba katika nchi nyingine wafugaji huwatoa ng'ombe ovari baada ya kuzaa, ili maziwa yasikatike. Kumbe ovari zina amri juu ya titi, ingawa ziko mbali nalo! Naona hapa wafugaji walimtangulia daktari.

Mwezi wa Juni 1895, huko Glasgow, alimpasua mama wa miaka 33 ambaye kansa ya titi ilikuwa imemrudia. Hakugusa uvimbe; alitoa ovari. Baada ya miezi minane uvimbe haukuonekana tena. Mwaka 1896 akatangaza habari hiyo. Mama yule aliishi karibu miaka minne tu, ugonjwa ukarudi. Lakini kwa siku zile hilo lilikuwa jambo kubwa.

Wapasuaji wengine wakamfuata. Ilipofika mwaka 1900 ilionekana kwamba mgonjwa mmoja tu katika watatu alipata nafuu. Hao wawili walipasuliwa bure, wakapoteza uzazi wao, na hakuna aliyeweza kuwatambua mapema. Hata neno homoni lilikuwa halijabuniwa. Lilikuja mwaka 1905. Beatson alipewa cheo cha Sir mwaka 1907, akafa mwaka 1933 bila kupata jibu.

Jibu lilianzia Chicago, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa Elwood Jensen. Yeye alionyesha kwamba seli zinazoitii homoni ya estrojeni zina vipokezi vya kuishika, mfano wa kufuli na ufunguo. Kansa yenye vipokezi hivyo mara nyingi hukua polepole, na seli zake hazijaacha sana umbo la asili. Isiyo navyo mara nyingi hugawanyika upesi, wala kuizuia homoni hakuisaidii kitu. Nasema mara nyingi, kwa sababu macho hayatoshi: uvimbe mbili za ukubwa mmoja zaweza kuwa magonjwa mawili mbalimbali. Ndiyo maana patupu pale kwenye karatasi palituogopesha kuliko yote yaliyoandikwa.

Majibu yalipofika, vipokezi vilikuwapo. Shangazi hakutolewa ovari. Alipewa tamoksifeni, kidonge kinachokaa mahali pa estrojeni katika kipokezi na kuizuia isiingie. Humeza kimoja kila jioni, na ameambiwa aendelee miaka mitano. Sasa ametimiza mwezi wa saba.