Mwalimu na Kura Tatu

Hayati Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Makerere na Edinburgh, akaiongoza TANU tangu kuundwa kwake mwaka 1954. Sifa za kupiga kura alikuwa nazo. Wenziwe wengi walinyimwa. Maana Waingereza, ambao kwao kila mtu mzima alikuwa na kura yake, huku walidai pato la shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo. Mkata mkonge wa Korogwe na mkulima wa Handeni wangeyapata wapi hayo? Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu.

Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, wengi walitaka kususa. Mwalimu aliwasihi waingie, wasije wakawaachia wapinzani Baraza. Uchaguzi ulianza Septemba, Jimbo la Tanga likiwamo katika awamu ya kwanza; walioungwa mkono na TANU wakashinda.

Mwaka 1962 zilipigwa kura zaidi ya milioni moja, pasipo kuulizana pato wala rangi. Mwalimu alifariki mwaka 1999. Sisi twamkumbuka kwa hili: kura yake haikumtosha mpaka mkata mkonge naye alipopata ya kwake.