Marconi na Kilio cha Baharini
Nirudipo kwetu Tawa, mbali na bahari, wanafunzi huniuliza: Kiswahili sanifu cha nini? Huwasimulia maisha ya Guglielmo Marconi, Mwitalia aliyezaliwa mwaka 1874, akaziwezesha meli kupashana habari bila waya. Kampuni yake iliwakataza wapiga simu wake kuzungumza na wenye mitambo ya washindani, ila penye hatari. Lakini nani aijuaye hatari kabla ya kusikiliza? Mkutano wa Berlin wa 1906 ulianza kuuondoa mwiko huo, ukakubali alama moja: SOS. Mwaka 1912 wito wa Titanic uliifikia Carpathia, wakaokolewa watu zaidi ya 700. Marconi alifariki mwaka 1937. Walimu wenzangu, kanuni ya pamoja haimnyang'anyi mtu lugha ya mamaye. Humpatia wa kumsikia.