Padre Georges Lemaître, Mchunguzi wa Nyota

Wako wakatekumeni wanaofadhaika moyoni wasikiapo habari za elimu. Hudhani ya kuwa atakayechunguza nyota hana budi kuiacha imani, na atakayeishika imani hana budi kuikimbia elimu. Maisha ya Padre huyu na yawaondolee hofu hiyo.

Georges Lemaître alizaliwa Charleroi, katika nchi ya Ubelgiji, tarehe 17 Julai 1894. Alisoma kwa Mapadre Wayesuiti, shirika lile lile linaloongoza Koleji Alfajiri mjini Bukavu. Tangu utoto alitamani mambo mawili: kuwa padre, na kuujua ulimwengu. Vita vilipozuka mwaka 1914, aliacha masomo akawa askari, akapata nishani ya ushujaa. Amani iliporudi alisoma hesabu na fizikia, kisha akaingia seminari. Kardinali Mercier alimpa Upadre tarehe 22 Septemba 1923.

Ndipo alipokwenda kusoma Uingereza na Marekani. Alichunguza sana mafundisho ya Albert Einstein ya mwaka 1915 juu ya uvutano, yaani ile nguvu iangushayo parachichi kutoka mtini na kuushika mwezi katika njia yake. Einstein alifundisha kwamba kitu kizito hupinda nafasi na wakati kandokando yake, hata nuru hufuata mpindo huo.

Mwaka 1925 Padre Lemaître alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Louvain, ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Lovanium huko Kinshasa mwaka 1954. Mwaka 1927 alitangaza hesabu zake: ulimwengu hautulii, bali unatanuka. Mnajua mfano wa chachu katika Injili. Mama akitia karanga katika unga wenye chachu, unga ukiumuka kila karanga huwa mbali zaidi na nyingine, ingawa hakuna hata moja iliyotembea. Ndivyo yanavyoachana makundi makubwa ya nyota.

Mwaka ule ule alikutana na Einstein mjini Brussels. Einstein alizisifu hesabu zake, lakini maana yake aliikataa. Padre hakugombana naye, wala hakuliacha neno lake. Mwaka 1929 Edwin Hubble, kwa vipimo vya darubini, alionyesha huko Marekani kwamba makundi ya nyota huzidi kwenda mbali, na baadaye Einstein mwenyewe alikubali. Mwaka 1931 Lemaître akaongeza: vitu vinavyoachana leo, zamani vilikuwa pamoja, basi ulimwengu ulianza ukiwa mdogo na mzito mno, kama mbegu.

Mwaka 1933 alifumbua fumbo jingine. Hesabu za uvutano zilionyesha mpaka wa ajabu kuzunguka kitu kizito kilichobanwa mahali padogo, na penye mpaka ule hesabu zilionekana kuvunjika. Yeye alionyesha kwamba kasoro imo katika namna ya kupima, si katika kitu chenyewe. Leo mpaka huo hujulikana kuwa ukingo wa shimo jeusi, ambamo nuru ikiingia haitoki tena. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, pwani ya Kenya, ikasaidia kutambua shimo jeusi la Cygnus X-1. Mwaka 2019 ilitolewa picha ya kwanza ya kivuli cha shimo la namna hiyo.

Lakini jaribu lake kubwa lilikuwa sifa. Mwaka 1951 Baba Mtakatifu Pius XII alinena ya kuwa elimu mpya yaonekana kushuhudia uumbaji. Mwingine angalijivuna, Lemaître hakufurahi. Alijua kwamba hesabu za leo huweza kusahihishwa kesho, na imani iliyoegemezwa juu yake ni kama nyumba iliyoegemezwa kwenye ukuta wa jirani: siku jirani atakapoubomoa, nyumba nayo itaanguka. Mwaka uliofuata Baba Mtakatifu, aliponena na wataalamu wa nyota, hakuyarudia maneno yale.

Naye Padre hakupungukiwa heshima katika Kanisa. Mwaka 1960 aliwekwa kuwa Rais wa Akademia ya Sayansi ya Papa. Alifariki Louvain tarehe 20 Juni 1966. Muda mfupi kabla ya kufa aliletewa habari kwamba mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu yamegunduliwa.

Basi, ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo, jifunzeni kwake. Tunaposali ya kwamba Mungu ni Mwumba wa mbingu na dunia, hatusemi habari za siku ya kwanza tu. Twakiri kwamba vitu vyote vyamtegemea Yeye saa hii, hata pumzi zetu. Hilo halipimwi kwa darubini. Someni kwa bidii, salini kwa bidii, wala msiogope ukweli wo wote, kwa maana kila ukweli watoka kwa Mungu mmoja.