Ibn Khaldun na maradhi ya madola makubwa

Kila yanapotajwa madola makubwa, utawakuta watu barazani wakibishana: Marekani itaanguka lini? Baadhi hulisema kwa furaha, kana kwamba kuanguka kwa mwingine ndiko kusimama kwetu. Mimi katika mjadala huo humkumbuka mwanachuoni mmoja, Abdurrahman Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332.

Ukoo wake ulikuwa na jaha Seville, katika Andalus, ukahama kabla mji huo haujatekwa na Castile mwaka 1248. Basi alizaliwa katika nyumba iliyokwisha kuonja kuporomoka kwa dola. Akiwa bado kijana, tauni ikawachukua wazazi wake na wengi wa walimu wake.

Akaingia kazi za serikali, akawatumikia watawala wa Tunis, Fez na Granada. Alipanda vyeo, na huko Fez akafungwa karibu miaka 2. Mwaka 1364 alitumwa kwa Mfalme Pedro wa Castile, ambaye alimwahidi kumrudishia mali za wazee wake iwapo angebaki kwake. Akakataa.

Mwaka 1375 alijitenga na siasa katika ngome ya Ibn Salama, Algeria ya leo. Huko ndiko alikoandika Muqaddima. Hoja yake ni kwamba dola husimama kwa asabiyya, yaani mshikamano wa watu waliozoea kuvumilia shida pamoja. Wakishatawala huja anasa, na mshikamano hulegea. Aliona kuwa kwa kawaida dola haivuki vizazi 3, yaani miaka kama 120. Mwanzoni kodi ni ndogo na mapato ni mengi. Mwishoni kodi ni nzito na mapato haba, kwani raia amekata tamaa ya kujituma. Kisha dhulma humaliza kilichobaki. Adui wa nje hukuta nyumba imekwishaliwa na mchwa.

Mwaka 1382 alihamia Misri, na mwaka 1384 akawa kadhi mkuu wa Kimaliki. Katika kipindi hicho hicho jahazi iliyokuwa ikimletea familia yake ilizama. Aliondolewa ukadhi na kurudishwa mara kadhaa. Mwaka 1401 alishushwa kwa kamba kutoka ukuta wa Damascus akaonane na Timur, na akashuhudia mji ule ukiporwa. Alifariki Cairo mwaka 1406, Allah amrehemu.

Nitazamapo karne yetu namwona yeye. Muungano wa Kisovieti ulivunjika mwaka 1991 ukiwa na maelfu ya silaha za nyuklia, na hakuna jeshi la kigeni lililoingia Moscow. Uingereza ilishinda vita mwaka 1945, lakini ikiwa imelemewa na madeni, na miaka 2 baadaye ikaiachia India.

Lakini ndugu msomaji, tusisahau kuwa mifano mingi ya Ibn Khaldun ni dola za Waislamu wenyewe, kama Murabitun na Muwahhidun. Hakuzipendelea. Hivyo anayehesabu siku za Marekani na ajiulize pia: sisi tunaogombana miaka nenda miaka rudi juu ya uongozi wa msikiti mmoja, asabiyya yetu iko wapi? Dola ikianguka hurithiwa na walioshikamana. Wanaosubiri tu hubadilishiwa bwana.