Marconi: Aliyesimamisha waya na kuvusha ishara ng'ambo ya kilima

NCHI ya majani chai kati ya Kericho na Bomet ni nchi ya vilima na mabonde. Kutoka Kericho kwenda Litein, Kapkatet hadi Sotik, barabara hupanda na kushuka, na kila bonde la mto, liwe la Kiptiget, Itare au Kipsonoi, huficha nyumba zisizoonana na zile za ng'ambo ya pili. Kwa mtu anayetaka kuwasiliana kwa redio kutoka nyumbani kwake, swali la kwanza ni moja: ishara itakivukaje kilima?

Swali hilo lilijibiwa mwaka 1895 katika kijiji cha Pontecchio, karibu na mji wa Bologna nchini Italia. Aliyelijibu alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hakuwa na shahada wala maabara ya chuo. Jina lake lilikuwa Guglielmo Marconi. Waya aliousimamisha wima, huku ncha yake ya chini ikiungwa na ardhi, ndio mzazi wa antena ya wima ambayo wapenzi wa redio ya ridhaa, yaani wanaowasiliana kwa kujifunza na kujiburudisha wala si kwa malipo, huisimamisha nyumbani hadi leo.

Marconi alizaliwa mjini Bologna mnamo Aprili 25, 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland katika ukoo maarufu kwa utengenezaji wa pombe ya wiski. Kijana huyo hakung'ara katika masomo ya kawaida, lakini alipenda umeme kupindukia, na mama yake akamruhusu kutumia chumba cha juu ghorofani kwa majaribio yake.

Mwaka 1894 ulimkuta akisoma habari za Heinrich Hertz, mtaalamu wa Ujerumani aliyeaga dunia mapema mwaka huo. Hertz alikuwa amethibitisha kuwa cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana ambayo husafiri hewani. Wataalamu wengi waliyachukulia mawimbi hayo kuwa jambo la kuchunguzwa maabarani tu. Marconi aliona kwamba yangeweza kubeba habari.

Vifaa alivyovitumia vilikuwa vimeanzishwa na wengine. Mtambo wa cheche ulitokana na kazi za Hertz na Augusto Righi, profesa wa Bologna. Kirija cha kioo chenye vumbi la chuma, kilichotumika kunasa mawimbi, kilitokana na Mfaransa Edouard Branly na kuboreshwa na Mwingereza Oliver Lodge. Mchango wa Marconi ulikuwa kuviunganisha, kuvirekebisha kwa subira, na kisha kutoka navyo nje ya nyumba.

Huko nje ndiko alikogundua jambo kubwa. Alipoinua bamba la chuma juu ya mlingoti na kulifukia jingine ardhini, ishara zilifika mbali kuliko awali. Kila alipouongeza urefu wa mlingoti, umbali nao uliongezeka. Ndugu yake Alfonso alikipeleka kipokezi ng'ambo ya kilima kilichokuwa karibu na nyumba yao, mahali ambapo Marconi hakuweza kumwona. Ishara ilipofika, bunduki ya kuwindia ilifyatuliwa ili kumjulisha aliyebaki nyumbani. Umbali ulikuwa kama kilomita 2.

Sababu ya mafanikio hayo ni kwamba waya mrefu hutoa mawimbi marefu, nayo mawimbi marefu hufuata uso wa dunia na kupinda kandokando ya vizuizi kuliko mawimbi mafupi ya maabarani. Ardhi nayo haikuwa mahali pa kuchomeka nguzo tu. Iligeuka kuwa nusu ya pili ya antena, kana kwamba chini ya mlingoti kuna mlingoti mwingine usioonekana.

Italia haikuonyesha hamu ya kuudhamini uvumbuzi huo. Mwaka 1896 Marconi alisafiri na mama yake hadi London, ambako jamaa za mama walimpokea. Mnamo Juni 2, 1896 aliomba hataza ya uvumbuzi wake, na William Preece, mhandisi mkuu wa Idara ya Posta ya Uingereza, akamuunga mkono. Mei 1897 ishara zake zilivuka maji kati ya Lavernock nchini Wales na kisiwa cha Flat Holm. Mwaka huo huo kampuni yake iliundwa, na mnamo Machi 1899 ishara zikavuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa.

Lengo lake lililofuata lilionekana kuwa la mwendawazimu. Alitaka kuvuka bahari ya Atlantiki, ilhali wataalamu waliamini kuwa mawimbi, yakisafiri kwa mstari ulionyooka, yangepotelea angani kwa sababu dunia ni mviringo. Septemba 1901 dhoruba iliiangusha milingoti ya kituo chake cha Poldhu, kusini magharibi mwa Uingereza. Miezi miwili baadaye, milingoti ya kituo chake cha Marekani nayo ikaanguka.

Marconi hakukata tamaa. Aliunda antena ndogo zaidi Poldhu, kisha akaenda Newfoundland, ambayo leo ni sehemu ya Canada. Kwa kuwa hakuwa na mlingoti huko, alirusha tiara iliyobeba waya wa mita 150 hivi. Mnamo Desemba 12, 1901, katikati ya upepo mkali, alitangaza kuwa amesikia nukta tatu za herufi S kutoka umbali wa takriban kilomita 3,400. Baadhi ya wataalamu wanaitilia shaka habari hiyo hadi leo, kwani mashahidi walikuwa yeye na msaidizi wake George Kemp pekee.

Mapema mwaka 1902, akiwa ndani ya meli ya Philadelphia, alinasa ishara kwa njia iliyoandikwa kwenye utepe na kuthibitishwa na mabaharia. Aligundua pia kwamba usiku ishara zilifika mbali sana kuliko mchana. Mwaka huo huo Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, kila mmoja kivyake, walieleza kuwa huenda kuna tabaka la juu angani linaloyarudisha mawimbi duniani. Mwingereza Edward Appleton alilithibitisha tabaka hilo kuanzia mwaka 1924.

Mwaka 1909 Marconi alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Mjerumani Karl Ferdinand Braun. Miaka mitatu baadaye, mnamo Aprili 1912, meli ya Titanic ilizama. Waliotuma ishara za kuomba msaada, Jack Phillips na Harold Bride, walikuwa waajiriwa wa kampuni ya Marconi. Meli ya Carpathia ilizisikia na kuokoa watu zaidi ya 700. Watu wapatao 1,500 waliangamia, Phillips akiwa mmoja wao.

Sifa hizo zilikwenda sambamba na biashara na siasa za himaya. Serikali ya Uingereza ilitaka kuziunganisha nchi ilizozitawala kwa mfululizo wa vituo vya simu ya upepo, na mkataba wa mwaka 1913 na kampuni ya Marconi ulitaja kituo kimoja katika Afrika Mashariki ya Uingereza, nchi iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1920. Kashfa ya mawaziri wa Uingereza walionunua hisa za kampuni dada ya Marconi nchini Marekani iliutia mpango huo doa, na Vita Vikuu vya Kwanza vikauvunja.

Vita hivyo vilidhihirisha thamani ya milingoti katika eneo hili. Wajerumani walikuwa na vituo vya simu ya upepo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Mnamo Agosti 8, 1914, manowari ya Uingereza iitwayo Astraea iliishambulia Dar es Salaam ikilenga kituo hicho. Juni 1915 kikosi cha Waingereza kilivuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu na kukiharibu kituo cha Bukoba. Waliopiga na waliopigwa walijua kuwa anayemiliki waya uliosimama ndiye anayemiliki habari.

Baada ya vita, mkondo ulibadilika kwa namna ambayo Marconi mwenyewe hakuitarajia. Makampuni makubwa yaliamini kuwa ili kufika mbali ni lazima kutumia mawimbi marefu na milingoti mikubwa ya gharama kubwa. Wapenzi wa redio ya ridhaa waliachiwa mawimbi ya mita 200 na mafupi zaidi, ambayo yalidhaniwa hayana faida. Novemba 1923, kwa kutumia mawimbi hayo yaliyodharauliwa, Mfaransa Léon Deloy na Wamarekani Fred Schnell na John Reinartz walizungumza kwa alama za Morse kuvuka Atlantiki.

Marconi naye alikuwa akiyachunguza upya mawimbi mafupi kwa kutumia meli yake, Elettra. Mwaka 1923 alizisikia ishara za Poldhu karibu na visiwa vya Cape Verde, na mwaka 1924, kwa mawimbi ya mita 32, akazipokea Beirut wakati wa mchana. Kutokana na kazi hiyo, kuanzia mwaka 1926 Uingereza iliunganishwa na Canada, Afrika Kusini, Australia na India kwa mitambo ya bei nafuu kuliko ile iliyokuwa imepangwa.

Hiyo ndiyo miaka ambayo kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zikianzisha mashamba makubwa ya chai Kericho, katika ardhi iliyotwaliwa kutoka kwa Wakipsigis. Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928, yakiwalenga walowezi. Mwafrika aliyechuma majani chai hayo hakuandaliwa matangazo yake hadi wakati wa Vita Vikuu vya Pili.

Kuna sehemu ya maisha ya Marconi ambayo msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuifumbia macho. Mwaka 1923 alijiunga na chama cha Kifashisti cha Benito Mussolini, na mwaka 1930 akateuliwa kuongoza Chuo cha Kifalme cha wanazuoni wa Italia. Italia ilipoivamia Ethiopia Oktoba 1935, alitumia jina lake kubwa kuutetea uvamizi huo. Mtu aliyewasaidia manusura wa baharini kusikika alijitolea kuwa msemaji wa jeshi lililomwaga gesi ya sumu juu ya vijiji vya jirani zetu.

Marconi aliaga dunia mjini Roma mnamo Julai 20, 1937 baada ya kuugua moyo kwa muda mrefu. Alikuwa na umri wa miaka 63. Vituo vya redio katika nchi nyingi vilinyamaza kwa dakika mbili, na kwa muda huo anga ikarejea kimya kama kile cha kabla ya mwaka 1895. Mwaka 1943 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sehemu muhimu za hataza yake ya kuchagua masafa, ikitambua kuwa Oliver Lodge, Nikola Tesla na John Stone walikuwa wamemtangulia katika mambo hayo.

Antena yenyewe imebaki. Kwa mwenye kishamba kidogo Bureti au Konoin, ambako michai hufika hadi ukutani mwa nyumba, umbo alilolibuni lina manufaa ya wazi kwa sababu halihitaji nafasi pana. Urefu wake ni robo ya urefu wa wimbi: kama mita 5 kwa masafa ya megahezi 14, na kama mita 10 kwa megahezi 7. Badala ya bamba la Marconi, nyaya kadhaa hutandazwa chini kutoka kwenye shina la antena kama miali ya jua, na zinaweza kupita kati ya mistari ya michai bila kumsumbua mchumaji.

Hata hivyo, ina tabia yake. Kwa kuwa huyatupa mawimbi karibu na upeo wa macho, inaweza kumfikisha mtu wa Bomet hadi Ulaya au Asia na bado ikashindwa kumfikisha vyema Nairobi, kwani ishara humruka jirani na kutua mbali. Kwa mawasiliano ya karibu, waya uliolazwa chini chini hufaa zaidi, hasa katika masafa ya megahezi 7.

Aidha, Kericho ni nchi ya radi na mvua ya mawe. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda kuelekea milima ya Mau na kuzaa dhoruba za alasiri. Nguzo ya chuma iliyosimama peke yake uani huhitaji kuunganishwa vyema na ardhi, na waya unaoingia nyumbani huchomolewa kabla mawingu hayajakaribia. Ni lazima pia isimamishwe mbali na nyaya za stima, mahali ambapo hata ikianguka haitazigusa.

Kisheria, mtumaji huhitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano nchini, na jina lake la hewani huanza kwa 5Z, alama ya Kenya iliyochukua nafasi ya VQ4 ya enzi za ukoloni. Mabadiliko hayo madogo ya herufi yanabeba historia nzima. Waya ambao Uingereza ilitaka kuusimamisha hapa mwaka 1913 kwa ajili ya himaya yake, leo mkulima wa chai mwenye leseni anaweza kuusimamisha kwa nguzo ya mkaratusi nyuma ya jiko lake, akazungumza na dunia kwa jina la nchi yake.