Mwenye Heri Isidore Bakanja, Mtumishi Aliyechukiwa na Bwana Wake

Isidore Bakanja alikuwa mtu wa kabila la Waboangi, nchini Kongo. Alipokuwa kijana alikwenda Mbandaka kutumika kama msaidizi wa waashi. Huko mapadri Watrapisti walimfundisha dini, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Akavaa skapulari ya Bikira Maria shingoni, iwe alama ya ukristu wake.

Baadaye akawa mtumishi wa nyumbani wa Mzungu mmoja wa kampuni ya Kibelgiji, akafuatana naye mpaka Ikili. Mkubwa wa huko, Van Cauter, aliichukia dini. Alimkataza kuwafundisha wenzake sala, akamwamuru aivue skapulari. Isidore alipoona chuki hiyo aliomba ruhusa arudi kwao, akanyimwa. Basi akaendelea na kazi yake, lakini skapulari hakuivua.

Mwaka 1909 Van Cauter aliagiza apigwe kwa mjeledi wenye misumari, mapigo zaidi ya 100, kisha akamfunga minyororo. Vidonda vikaoza. Katika maumivu hayo Isidore alimsamehe mtesi wake, akaahidi kumwombea mbinguni. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Wakatekumeni, mkubwa wa kazi akiwachukia, msiibe wala msitukane. Kuomba ruhusa ya kuondoka si dhambi. Isidore mwenyewe aliiomba. Lakini bwana hununua jasho tu. Roho ni mali ya Mungu, wala haiuzwi kwa mshahara.